Kompyuta Iliyovishwa Kitambaa

Vijana wangu, nasikia siku hizi kompyuta ikichemka inajisema yenyewe. Nimeonyeshwa hapa nyumbani Ipagala, Dodoma: unabonyeza mahali, namba zinatokea, mashine inakwambia prosesa yake, ule ubongo wake, imepata moto kiasi gani, kama mgonjwa aliyejipima homa kabla hajafika hospitali. Nimefurahi kwa ajili yenu, na wivu kidogo nimeuona. Sisi kipimo chetu kilikuwa kiganja cha mkono. Unakiweka nyuma ya mashine, unausikiliza upepo unaotoka, unaamua. Na ukikosea, mwenye mashine amesimama hapo hapo anakutazama.

Mimi nimestaafu. Skrubu ndogo sizioni tena, na mkono unatetemeka nikishika koleo. Ila mdomo haujastaafu, na mtu akitaka kusikia habari za kazi simnyimi.

Sikuanza na kompyuta. Nani alikuwa nazo? Nilianza na majokofu, kwa Mzee Malogo, Mgogo mmoja mfupi, mkali, aliyekuwa na karakana yake karibu na stesheni. Kwetu ni watu wa mjini, wafanyabiashara tangu enzi za misafara, na baba zangu wadogo waliona nimekwenda kujichafua bure. Mzee Malogo naye hakunibembeleza. Siku ya kwanza alinishika mkono akaubandika nyuma ya jokofu, kwenye yale mabomba meusi, nikauvuta haraka.

"Joto hilo limetoka wapi?" akaniuliza.

Nikasema limetoka kwenye umeme.

"Limetoka kwenye nyama iliyomo ndani. Joto haliuawi, bwana mdogo, linahamishwa. Ukilifungia mlango, linabaki ndani na mwenye nyumba."

Alikuwa akiitwa kwenye nyumba za watu, anakuta jokofu limesukumwa likakumbatiana na ukuta ili sebule ipendeze. Analivuta mbele kidogo, anakunywa maji, anaaga. Watu walinung'unika kwamba fundi gani huyu, hata bisibisi hakuitoa mfukoni. Yeye alikuwa akisema kuna wateja wanaolipa jasho na kuna wanaolipa jibu, na wa jasho ni wengi zaidi. Basi, akaniambia, ukimtengenezea mtu kwa kuvuta tu, fungua angalau skrubu mbili mbele yake halafu uzifunge. Mimi hilo nililifuata miaka yote na sikujuta.

Halafu ikaja miaka ya soko huria. Maduka yakajaa, mitumba ikajaa, na ofisini zikaanza kuingia kompyuta, nyingine mpya, nyingine zimeshachoka huko zilikotoka. Mafundi wake hapa mjini tulikuwa wa kuhesabika, na wengi wetu tulikuwa mafundi wa redio, wa taipureta na wa majokofu tuliobadilisha kibao cha mlangoni. Tulijifunza kwa kuungua vidole. Rafiki yangu mmoja alisikia kwamba juu ya prosesa hupakwa dawa nyeupe ya kupitisha joto, ndipo lifungwe lile pande la alumini lenye mapezi. Dawa hakuwa nayo, akatazama kilichokuwa cheupe nyumbani kwake, akapaka dawa ya meno. Mashine ilikwenda vizuri kweli, ikinukia mnanaa, mwenyewe akatutangazia. Dawa ilipokauka ikawa ukoko, na mashine ikarudi kwake ikiwa imekufa. Tulimtania mpaka akahamia Singida, ingawa yeye anasema alihama kwa sababu nyingine.

Na ile dawa, ukiipata, usiipake kama unayempakia mgeni siagi kwenye mkate. Kazi yake ni kuziba vijinafasi visivyoonekana kati ya chuma na chuma, basi. Kitone kama punje ya mtama kinatosha. Wengi wenu mnapaka inamwagika pembeni, mnadhani mmefanya wema.

Sasa niwaeleze habari ya Mama Ndahani, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kazi hii kuliko vitabu.

Mama Ndahani alikuwa mpiga chapa wa shirika moja la umma hapa Dodoma, mwenyeji wa Hombolo, mjane, mtu mzima kunizidi. Alikuwa amekaa mbele ya taipureta tangu ujana wake, na nilikuwa nikimtengenezea hiyo taipureta. Kila nikiingia nilimwamkia, "Shikamoo, mama," naye anajibu kwa Kigogo, "Mbukwa, baba," halafu anacheka, kwa sababu alijua nimezaliwa Dodoma na Kigogo changu kinaishia hapo.

Shirika lile lilikuwa katika kupunguza watu, kama mashirika yote wakati huo. Makao makuu wakaleta kompyuta moja, na pamoja nayo agizo: ofisi itabaki na mpiga chapa anayeiweza, asiyeiweza apumzishwe. Mama Ndahani akasoma kozi fupi, akaiweza. Tatizo ni kwamba kompyuta yenyewe ilikuwa ikimkataa. Akichapa barua moja, sawa. Akikaa na taarifa ndefu, katikati ya kazi skrini inaganda, au mashine inajizima yenyewe, na kila alichochapa bila kukihifadhi kinapotea. Anaanza upya. Inaganda upya. Wenzake wakaanza kusema mkono wake mzito, umezoea kupiga taipureta, unaipiga kompyuta kama mtu anayetwanga.

Meneja aliniita siku ya Jumatano. Alikuwa mama wa makamo aliyehamishwa kutoka Dar es Salaam, mpole, mwenye sura ya mtu asiyelala vizuri, na wafanyakazi walimwita Mama Meneja. Akanieleza yote bila kuficha.

"Ijumaa natakiwa kujibu makao makuu kama mpiga chapa wangu anafaa au hafai," alisema. "Fundi, mimi simchukii yule mama. Lakini wengine wakikaa kwenye kompyuta hiyo haina shida. Akikaa yeye, inakufa. Niandike nini?"

Ofisini nilikuta mtunza stoo, Bwana Chilewa, amekaa mbele ya mashine akicheza karata. Nikamwuliza kama imewahi kumzimikia. "Hata siku moja," akasema bila kuondoa macho kwenye skrini. "Mimi naishika taratibu."

Nikaijaribu. Ilikuwa asubuhi, mashine imelala usiku kucha, ikawaka vizuri. Nikabonyeza hapa na pale, hakuna neno. Mgonjwa akimwona daktari anapona, mnalijua hilo. Nikaanza na umeme, kwa sababu umeme wetu wakati ule ulikuwa ukipanda na kushuka unavyotaka, na fundi mvivu husingizia umeme kwanza. Nikapima, ulikuwa umetulia. Nikatafuta virusi kwa disketi yangu, sikupata. Mama Meneja akanitazama kama mtu anayesema, unaona, ni mtumiaji.

Hapo ndipo nilipofanya kitu ambacho nawaomba mkishike. Nilivuta kiti, nikaomba chai, nikamwambia Mama Ndahani akae afanye kazi yake ya kila siku, nami nitazame tu. Mashine usiipime kwa kazi yako, ipime kwa kazi inayoiua. Fundi anabonyeza mara mbili anasema nzima. Mwenye mashine anaishi nayo kutwa.

Hakutaka. Alisimama pembeni ya meza akipangusa mikono kwenye kitenge.

"Itanikataa mbele yako, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeshachoka kukataliwa mbele ya watu."

"Ikikataa mbele yangu ndiyo vizuri, mama. Isipokataa sitajua."

Akakaa. Vijana, nimeona watu wengi wakichapa, sijaona vidole vile. Havikupiga kwa nguvu hata kidogo, wala hakutazama kibodi. Ukurasa ukafuata ukurasa. Chai yangu ya kwanza ikaisha, ya pili ikaja, jua likaanza kupiga bati la paa, na skrini ikaganda. Akanyanyua mikono, akaiweka mapajani.

Nikaizima na kuiwasha hapo hapo. Ikakaa kidogo tu, ikafa. Nikaiacha ipumzike mpaka wakarudi kutoka kula, nikaiwasha, ikakaa zaidi. Mashine inayokufa haraka ukiiwasha ingali ya moto, na kuchelewa kufa ikiwa imepoa, hiyo haina virusi wala mkosi. Inachemka. Na inamchemkia nani? Inamchemkia anayeifanyisha kazi. Bwana Chilewa angeweza kucheza karata zake mpaka astaafu, isingemzimikia, kwa sababu karata haziipi prosesa shida yoyote. Mtu mmoja tu katika ofisi ile alikuwa akifanya kazi muda wa kutosha kuipasha moto, na huyo ndiye aliyekuwa akilaumiwa. Nilikasirika, nasema kweli. Nilikasirika kwa niaba yake.

Nikapeleka kiganja nyuma ya mashine. Hakukuwa na upepo. Na ndipo nikakitazama vizuri kitu ambacho nilikuwa nimekitazama tangu asubuhi nisikione.

Mnajua nyumba zetu. Redio inavishwa kitambaa, televisheni inavishwa kitambaa, kochi lina vitambaa mgongoni na mikononi, hata chupa ya chai ina chake. Kitu cha thamani hakikai uchi. Mama Ndahani alipoletewa kompyuta, kitu cha thamani kuliko vyote katika ofisi ile, alikifumia kitambaa. Cha uzi wa kijani, maua makubwa, mashallah, kazi ya mtu aliyetulia. Kompyuta za wakati ule nyingine zilikuwa zinalala, boksi chini, kioo juu yake. Yeye alikitandika juu ya boksi, kioo akakiweka juu ya kitambaa, na pindo zikaning'inia pande zote kwa urefu mzuri, zikafunika kila tundu la hewa. Madirisha nayo alikuwa ameyafunga yote, kwa sababu ilikuwa kiangazi na vumbi la Dodoma hamhitaji niwaeleze. Ofisi nzima hakuna aliyeipenda mashine ile kama alivyoipenda yeye.

Nikakiondoa, nikakikunja, nikamkabidhi. Akakipokea, akanitazama, na nikaona ameanza kuelewa. Tukaiwasha tena. Ikakaa muda mrefu kuliko mara mbili zilizotangulia, tukaanza kutabasamu, ikaganda.

Basi nikaifungua. Kabla sijafika kwenye prosesa nilikutana na vumbi jekundu lililojipanga humo kama blanketi. Msilipulize kwa mdomo, mdomo una mate, na mate na umeme si ndugu. Brashi laini ya rangi na pampu ya baiskeli, na feni uishike kwa kidole isizunguke ovyo wakati unapuliza. Ile feni ndogo ya juu ya prosesa haikuhitaji kushikwa. Ilikuwa imesimama. Nikaisukuma kwa kalamu, ikagoma. Nikasogeza taa, nikaona kwenye shingo yake kuna kitu kimejiviringisha kikakaza, kikashikana na vumbi. Nikakivuta kwa koleo, polepole, kikatoka kirefu. Ulikuwa uzi wa kijani.

Mama Meneja alikuwa mlangoni. "Umeona nini, Fundi?"

Nilikuwa nimempa mgongo, mkono wangu hauonekani. Nikafikiri haraka. Nikisema ni uzi wa kitambaa, yale waliyokuwa wakiyanong'ona yanapata ushahidi: ni yeye anayeiua mashine. Nikisema vumbi, sijasema uongo mzima, maana vumbi lilikuwapo, na yule mama atapata pumzi mpaka Ijumaa. Nikafumba kiganja. Mama Ndahani alikuwa amesimama upande wangu, ameona kila kitu.

Kabla sijafungua mdomo akasema, "Ni uzi wangu, mama. Umetoka kwenye kitambaa changu. Fundi ananionea huruma, lakini feni ilisimamishwa na uzi wangu."

Mama Meneja akaingia, akauchukua ule uzi kiganjani mwangu, akautazama, akakitazama na kitambaa kilichokunjwa mikononi mwa mpiga chapa wake. Nilitegemea maneno makali. Akavuta kiti akakaa.

"Mimi nilikisifia kitambaa hiki," alisema. "Nilikuagiza unifumie na cha simu."

"Ndiyo, mama. Cha simu bado sijamaliza."

"Kila siku napita hapa naona mashine imefunikwa, nasema moyoni, huyu angalau anaitunza." Akanigeukia. "Inatengenezeka?"

Nikamwambia feni mpya hapa Dodoma haipo, labda iagizwe Dar es Salaam na ije kwa basi, na Ijumaa itaikuta njiani. Lakini hii naweza kuijaribu. Akasema, "Basi ijaribu. Kesho mchana, jua likiwa kali, atachapa mbele yangu taarifa ya mwaka mzima. Ikisimama, nimejua la kuandika. Ikizima, Fundi, mimi sina la kumsaidia tena."

Kwa hiyo kazi ya mtu iliwekwa juu ya feni ya kipenyo cha kifuniko cha chupa ya chai. Sijawahi kusafisha kitu kwa adabu kama nilivyosafisha feni ile. Niliichomoa, nikabandua karatasi iliyo mgongoni mwake, maana mhimili wake umejificha chini ya hiyo karatasi, nikafuta uchafu mweusi kwa pamba, nikatia tone moja la mafuta ya cherehani. Si mafuta ya kula, vijana, na si ya gari. Ya cherehani ni mepesi, hayagandi. Nikaizungusha kwa kidole mpaka ikawa inajiendea yenyewe. Dawa ya prosesa ilikuwa imekauka ikawa unga, nikaikwangua, nikapaka nyingine niliyokuwa nayo kwenye kisanduku changu cha redio, ileile tunayopaka kwenye transista za amplifaya. Nikafunga. Nikasogeza meza mbali na ukuta. Dirisha la upande usiopigwa na upepo nikalifungua, na Mama Ndahani akaniacha, ingawa nilimwona akiumia kwa ajili ya vumbi. Nikamwambia vumbi tutalifuta kila Jumamosi kwa brashi, lakini joto halifutiki.

Kesho yake nilifika kabla ya wakati wangu. Nilisema nimekuja kuchukua bisibisi niliyoisahau, ambayo ilikuwa mfukoni.

Akaanza kuchapa. Mama Meneja amekaa pembeni na mafaili yake, anajifanya anasoma. Bwana Chilewa amesimama mlangoni, karata zake hazina pa kuchezewa. Mimi nimekaa nyuma ya mashine, kiganja kwenye tundu la hewa, nasikia upepo wa vuguvugu unatoka, mwembamba, bila kukatika. Jua likapanda. Bati likaanza kulia. Ukafika ule muda ambao siku zote skrini ilikuwa ikimgandia, na Mama Ndahani, bila kuambiwa, akanyanyua mikono kutoka kwenye kibodi akaiweka mapajani, akangoja mashine ife.

Mashine haikuganda. Kile kijistari cha kwenye skrini kikaendelea kuwaka na kuzimika, kinamngoja yeye.

"Endelea, mama," akasema Mama Meneja.

Akaendelea. Mchana wote akaendelea, na mimi bisibisi yangu nikawa siioni bado. Alasiri Mama Meneja akafunga mafaili, akasimama nyuma ya kiti chake, akamwekea mkono begani.

"Naandika kwamba unafaa," alisema. "Wale wanaosema mkono wako mzito nitajibizana nao mimi. Na kitambaa cha simu nakitaka, simu haina feni."

Mama Ndahani akasema ahsante mara moja, bila kugeuka. Vidole vilikuwa bado vinakwenda. Kengele ya kutoka ikapigwa, watu wakachukua mikoba yao, Bwana Chilewa akamuaga kwa heshima ambayo sikuwahi kumwona nayo. Mlinzi akaja na funguo, akazizungushazungusha mlangoni akitutazama. Taarifa ilikuwa imeshakwisha. Nilisogea nikaona yule mama anachapa ukurasa wa kwanza wa taarifa ileile, anaanza upya.

Nikamwambia, "Mama, saa za kazi zimekwisha. Twende nyumbani."

"Tangulia, baba," akasema, na machozi yanamshuka wala hayafuti, mikono ina kazi. "Niache kidogo. Leo haijanikataa."